Re: Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi, na kwa nini kwenda ni saa 15 lakini kurudi 14?

Ndugu, rula kwenye ramani ya ukutani itakudanganya, kwa sababu ramani imeinyoosha dunia iliyo mviringo. Chukua tufe la darasani lenye kipenyo cha sentimita 30, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze. Utaona umepinda kuelekea kaskazini kuliko ulivyodhani. Upime: ni kama sentimita 28, na kila sentimita hapo ni takriban kilomita 425. Unapata karibu 11,900; umbali halisi ni kama 11,850.

Muda sasa. Gawa kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, upate karibu saa 14. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kinachobaki ni upepo: juu kule huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukienda Marekani unakupinga, ukirudi unakusukuma.

Tafadhali usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi. Nairobi iko mbele kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu wao, na hapo ndipo wengi hukosea kupanga anayekuja kuwapokea.