Afisa mifugo mpya mnadani: anza kwa kusimama pale ng'ombe wanaposhuka

Kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kuwa afisa mifugo ameniandikia akiuliza kazi ya kufuatilia ustawi wa mifugo mnadani inaanzia wapi. Aliyemkabidhi ofisi alimwambia kazi ni kukagua vibali, kugonga mhuri na kukusanya ushuru, basi. Najua wako wengi wenye swali hilohilo, na najua mnaonisoma mnataka kitu kimoja: kuwa afisa anayeheshimiwa na wafanyabiashara kwa sababu anaijua kazi, wala si kwa sababu ya mhuri.

Kibali cha kusafirisha mifugo kinakuambia ng'ombe wangapi waliondoka, wametoka wapi, na kwamba aliyewakagua hakuona ugonjwa. Hakisemi wamefikaje. Lori lenye karatasi zote safi linaweza kufika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, likiwa na ng'ombe wawili waliokanyagwa na wenzao tangu Morogoro. Pugu inapokea ng'ombe kutoka Dodoma, karibu kilomita 450, na wengine kutoka Shinyanga, karibu kilomita 1,000. Katika safari kama hiyo karatasi haijui lolote. Anayejua ni yule anayesimama wanaposhuka, akahesabu.

Usisimame mbele ya mteremko wa kushushia. Ng'ombe akiona mtu mbele yake husita, wa nyuma wanamsukuma, tingo anaanza kupiga, kisha wewe unaandika kwamba wamepigwa wakati chanzo ni wewe mwenyewe. Kaa pembeni, nyuma ya uzio, mahali unapouona mlango wa lori na mwisho wa mteremko kwa pamoja. Na usianze kwa kufoka. Ukifoka, kila mtu anabadilika ukiwapo na kurudi kulekule ukiondoka.

Kila lori lipate mstari wake daftarini: namba ya gari, mnada lilikotoka, saa ya kupakia (muulize dereva kabla hajaenda kunywa chai), saa ya kuingia getini, saa ng'ombe wa mwisho aliposhuka. Baada ya hapo ni hesabu sita: waliokufa, waliolala wasioweza kuinuka, wanaochechemea, walioanguka wakati wa kushuka, waliopigwa au kunyongwa mkia, na wanaohema mdomo wazi. Kubaliana na wenzako maana ya kila neno kabla ya kuanza. Kuanguka ni ubavu au tumbo kugusa chini. Goti likigusa, hiyo ni kuteleza, iandike kando. Kwenye kupigwa hesabu ng'ombe, usihesabu fimbo: aliyepigwa mara tano ni mmoja. Bila makubaliano hayo, daftari la Jumatatu halilingani na la Alhamisi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mali yenyewe ina pumzi.

Wakianguka zaidi ya mmoja katika kila 100, acha kuwalaumu ng'ombe, tazama sakafu. Kiwango hicho kimeenezwa na Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani wa tabia za mifugo, katika ukaguzi wa machinjio, na kinafaa hata kwetu kwa sababu hakihitaji mashine. Macho na kalamu vinatosha.

Sababu za kuanguka ni chache, na karibu zote zinatibika kwa mafundi wa hapohapo. Ya kwanza ni mteremko mkali. Sakafu ya lori ikiwa mita 1.2 kutoka ardhini, mteremko wa nyuzi 20 unahitaji urefu wa mita 3.5. Ukiona umejengwa kwa mita mbili, umeshapata jibu. Juu yake pawe na vizuizi vya mbao au chuma kila sentimita 20, ili kwato ipate pa kushika. Ya pili ni uwazi kati ya lori na mteremko: mguu wa mbele unazama, ng'ombe wa nyuma anasukuma, mfupa unavunjika. Bamba moja la chuma la kulaza hapo linamaliza tatizo. Ya tatu ni sakafu ya lori lenyewe. Baada ya saa kumi za mkojo na kinyesi, bati tupu linateleza kama sabuni. Nondo zilizochomelewa kwa miraba, zikafunikwa mchanga au maranda, zinampa ng'ombe mahali pa kukanyaga.

Sasa nafasi. Hapa ndipo ubishi ulipo, kwa sababu madereva wengi wanaamini ng'ombe wakibanana hawaanguki. Utafiti uliofanyika Ireland na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kinyume: walipobanwa sana walishindwa kujipanga mguu lori lilipokata kona au kufunga breki, na aliyeanguka alifunikwa na wenzake asiweze kuinuka. Hao ndio wanaofika wamekufa au wamevunjika.

Nafasi ya kila ng'ombe hutegemea uzito wake. Huna mzani? Tumia futi kamba. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, pima na urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua 145 na urefu 125 ana karibu kilo 240. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mita za mraba 0.85 akiwa amesimama. Zebu wetu, yaani ng'ombe wa nundu, wana pembe, kwa hiyo ongeza sehemu moja ya kumi, ifike kama 0.93. Lori lenye sakafu ya mita 6 kwa 2.3 linabeba 14. Tela la mita 12 kwa 2.4 linabeba 30. Andika hesabu hizo ubaoni kwenye mnada wa kupakilia, mahali ambapo mfanyabiashara anaziona kabla hajalipa nauli. Na lori likiwa nusu tupu, weka kizuizi katikati: nafasi ikizidi sana wanarushwa huku na huko.

Sehemu inayonisikitisha kuona haitumiki ni machinjio. Ng'ombe akishachunwa, mwili wake unasimulia safari nzima, na mkaguzi wa nyama yuko palepale na kisu. Anakata damu iliyovilia, anaitupa, anaendelea na mwingine, wala hakuna anayeandika. Muombe akuandikie mambo matatu: rangi, mahali na ukubwa.

Rangi ni saa. Damu nyekundu mbichi ni pigo la ndani ya saa kumi hivi, yaani kushushwa, mnadani au zizini kwa machinjio. Nyekundu iliyoiva kuelekea weusi ni ya siku moja iliyopita: tafuta lorini au kwenye kupakia. Ikiwa majimaji, imepita hiyo siku moja. Ikiwa ya rangi ya chungwa au kutu, na inateleza vidoleni, ina zaidi ya siku tatu, basi usimlaumu dereva. Ng'ombe huyo aliumizwa kule alikotoka. Siyo kipimo cha dakika, lakini kinatosha kukuonyesha mlango wa kubisha.

Mahali ni chanzo. Alama kwenye mifupa ya nyonga, ng'ombe baada ya ng'ombe, ni lango jembamba au nguzo iliyochomoza. Mbavuni na begani, pembe za wenzake. Juu ya mgongo, kwenye sarara ambayo ndiyo nyama ya bei, ni fimbo au bomba la juu la lori. Fimbo ina saini yake: mistari miwili myekundu inayokwenda sambamba, katikati peupe. Ukishaiona alama hiyo mara moja hutaisahau, na tingo hawezi kukuambia kwamba ng'ombe alijigonga.

Ukubwa uandike kwa makundi tu: chini ya sentimita 8, kati ya 8 na 16, zaidi ya 16. Wataalamu wa nje wanapenda kupima uchachu wa nyama (pH) baada ya saa 24, maana ng'ombe aliyechoka sana humaliza sukari ya misuli na nyama yake huwa nyeusi na ngumu, kipimo kikipanda hadi 6 au zaidi. Kwetu nyama inauzwa asubuhi ileile ikiwa bado ya moto, kipimo hicho kitakusumbua bure. Shika damu iliyovilia.

Maji mnadani. Kuwapo kwa birika hakumaanishi maji. Ng'ombe wa kilo 250 kwenye joto la pwani hunywa lita 25 hadi 35 kwa siku. Ng'ombe 300 wanahitaji karibu lita 9,000, kwa hiyo tangi moja la lita 5,000 linaisha kabla ya adhuhuri. Pita saa nne asubuhi na saa nane mchana, uandike kina cha maji. Tazama pia nani anakunywa: madume wakubwa hulinda birika na mitamba hubaki pembeni, kwa hiyo mabirika mawili mafupi yaliyoachana yanafaa kuliko moja refu. Mfanyabiashara akikuambia hana muda wa kunywesha, mkumbushe kwamba ng'ombe aliyekaa saa 24 bila maji wala malisho hupoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Hiyo ni hela yake inayeyuka lorini. Na lori likifika lishushwe mapema. Likisimama juani upepo unakatika na joto la ndani linapanda haraka.

Mbuzi na kondoo ni mambo yaleyale kwa vipimo vidogo: mbuzi wa kilo 25 apewe angalau mita ya mraba 0.2. Wasichanganywe na ng'ombe bila kizuizi, na kufunga miguu minne na kumlaza juu ya basi kukatazwe kabisa. Kuku wa tenga wanasahauliwa. Tenga la mduara lenye kipenyo cha mita moja linatosha kuku 27 wa kienyeji wa kilo moja na nusu. Matenga yakipangwa, acha upana wa kiganja kati yao upepo upite, na yale ya katikati ndiyo uyakague kwanza, kwani huko ndiko wanakofia.

Kwenye mnada wa awali, kabla ya kupakia, wazuie hawa wasipande: asiyeweza kukanyagia miguu yote minne, kipofu wa macho yote, ndama ambaye kitovu hakijakauka, aliyezaa ndani ya saa 48 anayesafirishwa bila ndama wake, na mwenye mimba iliyo katika sehemu ya kumi ya mwisho, yaani mwezi wa mwisho kwa ng'ombe na wiki mbili za mwisho kwa mbuzi. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo viwango vyake vya kwanza vya usafirishaji vilipitishwa mwaka 2005. Anayeswagwa kwa miguu asitembezwe zaidi ya kilomita 30 kwa siku, na kama safari ni ya siku kadhaa, apunguziwe hadi karibu 22.

Aliyelala asiyeweza kuinuka asiburutwe kwa kamba shingoni. Ondoa kwanza waliomzunguka, mpe maji na kivuli, msubiri. Mguu ukiwa umevunjika, achinjwe palepale chini ya usimamizi wako. Kila mtu mnadani anajua maana ya kibudu: akifia lorini hafai kwa mlaji yeyote, na fedha yote imekwenda. Lakini naomba tusifike mahali pa kujali kwa sababu ya fedha tu. Yule mnyama amebanwa kuanzia jioni hadi asubuhi, hana namna ya kuomba maji. Tuliokabidhiwa ni sisi, na mtu aliyelipwa mshahara kumtazama halafu akatazama karatasi peke yake ametupa dhamana.

Mwisho wa mwezi jumlisha daftari kwa namba za magari. Utakuta magari machache ndiyo yenye vifo na mavunjiko mengi. Anza na hao: mwite dereva na mwenye mzigo pamoja, waonyeshe mstari wao, wapeleke machinjio wakaone kipande kinachotupwa. Wengi wanabadilika hapo, hasa mwenye mzigo. Kwa asiyebadilika, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya wana Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mahakamani utaulizwa tarehe, saa, namba ya gari na idadi, kwa hiyo andika kwa kalamu ya wino, papo hapo, na mwenzako aliyeshuhudia aweke sahihi kwenye mstari huohuo.