Usibishane na mama kuhusu husda

Ukiipata riwaya ya Etaf Rum iitwayo Evil Eye, yaani jicho la husda, ya mwaka 2023, isome. Ila usiifunge tu ukakimbilia kwa mama yako na mashtaka. Huku Unguja nimeshaona kitabu cha aina hii kikazua ugomvi wa wiki nzima.

Yara, mhusika mkuu, ni Mpalestina aliyekulia Brooklyn. Ana mume, mabinti wawili na kazi chuoni kusini mwa Marekani. Kwa macho ya watu kapata kila kitu. Rohoni hana raha. Anapomjia juu mwenzake wa kazini kwa maneno ya kibaguzi, yeye ndiye anayepelekwa kwa mshauri nasaha. Mama yake aliamini kuna laana, na laana ikawa jibu la kila kitu, hata la kipigo. Na nyuma ya vizazi vya wanawake wa Kipalestina kuna mwaka 1948, watu zaidi ya 700,000 walipopoteza makwao.

Watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hayo. Bibi akijifungia chumbani, atasemwa ana jini au kapigwa kijicho. Basi wasomi wetu huanza kubishana kama husda ipo. Hadithi ya Mtume imesema jicho ni kweli. Utabishana na mama mpaka Isha na hutamshinda, tena ataona unamtoa kwenye dini. Liache hilo. Muulize: yalipoanza yale ya bibi, kulikuwa kumetokea nini?

Mimi nilimuuliza wangu tukichambua mchele. Nyumbani tulijua tu kwamba bibi "alichezewa". Mama hakuinua macho kwenye ungo. Akasema bibi alizika mtoto mchanga, na arubaini haijafika babu akaoa mke wa pili. Wakwe wakamkataza kulia, eti analeta nuksi. Mama akatoa chuya, akatoa kijiwe, akakiweka ukingoni mwa ungo, akaendelea. Tangu utotoni nilikuwa nikisikia habari za waganga wa bibi. Za huyo mtoto, hata siku moja.

Kwa hiyo uliza mikono ikiwa na kazi. Ukimkalisha mtu mzima ukamkazia macho akusimulie maisha yake, ataona huna adabu. Akinyamaza, nyamaza naye, urudi siku nyingine. Na simu isiwe inarekodi.

Lakini ya bibi hayatakutibu wewe. Kama hulali, chakula hakipiti, na unawafokea wanao kwa maneno yaleyale uliyofokewa, tafuta matibabu. Sonona ni maradhi. Kisomo na dua viendelee, na kwa daktari nenda. Mtume amesema Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Najua jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili huku Unguja, linavyotisha, maana tangu utotoni tumelitumia kama tusi. Nenda na mtu unayemwamini, au anza na daktari wa hospitali ya karibu.

Ukifika, usitarajie kusema yote siku ya kwanza. Yara naye anamficha mshauri wake mengi, na kuandika ndiko kunakomsaidia kufunguka. Jaribu daftari. Kama nyumba yenu ina watu wengi, andika kisha chana. Si lazima uyahifadhi.