Daktari, Ukiitwa Ofisini Usiiache Kliniki

Juzi daktari mmoja wa hapa Nairobi aliniandikia. Ameteuliwa naibu mkuu wa kitivo katika chuo anakofundisha, na wenzake kwenye wadi wanamwambia anakwenda kuzika udaktari wake. "Wewe uliwezaje?" akaniuliza. Namjibu hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Nilipohamia utawala, maneno yalikuwa hayo hayo. Daktari bingwa niliyemheshimu sana alinitamkia mbele ya wanafunzi kwamba zamu za usiku zimenishinda. Neno lile bado linaniuma. Mtu asome miaka sita, afanye uanagenzi, arudi kusomea ubingwa, kisha aitwe mtoro kwa sababu amekubali kuwashughulikia wanaomfuata! Profesa Joseph Mungai, daktari na mwalimu wa anatomia, alikuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzia 1979 hadi 1985. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilimkuta kwenye kiti hicho, chuo kikafungwa. Nani atasema hiyo ilikuwa kazi ya mtoro?

Ila jitayarishe. Kwenye wadi ukiandika dawa, muuguzi anampa mgonjwa saa hiyo hiyo. Chuoni ukiandika pendekezo, linaanzia idarani, linapanda bodi ya kitivo, linakwenda seneti, na kila linapopita kuna mwenye neno. Nilipoingia ofisini nilikuta kabati limejaa tasnifu za wanafunzi wa ubingwa, majina yameandikwa ubavuni kwa kalamu nene, vumbi juu, zikingoja watahini. Wenyewe walikuwa wakihudumia wagonjwa mchana na usiku huku wakilipa karo. Nilikuwa nimekesha nao, nawajua kwa majina. Nilizitoa moja moja, nikawapigia watahini simu mimi mwenyewe, sikuwapa nafasi ya kupumua mpaka ripoti zikaja. Vijana wale wakahitimu. Hakuna cheo ninachojivunia kama siku ile ya mahafali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kukubali, omba uione bajeti ya kitivo. Uliza nani anaidhinisha malipo na nani anadai. Mkuu asiyejua pesa zinapitia wapi huishia kutia sahihi barua za wengine. Na kliniki usiiache. Mimi nina asubuhi yangu ya wagonjwa kila wiki, na nilisisitiza iandikwe kwenye mkataba, kwa sababu ahadi ya mdomo humezwa na mkutano wa kwanza. Leseni yetu huhuishwa kila mwaka na hudai pointi za mafunzo, usipoangalia, itakuponyoka.

Vijana, acheni kukimbilia ofisi kwa ajili ya gari na dereva. Wanafunzi wanamtambua mkuu wa namna hiyo mapema sana, na hawamletei shida zao tena.

Barua yako ya uteuzi usiitie sahihi bado. Nitumie, tuipitie pamoja kifungu kwa kifungu, tukianzia na hicho cha kliniki.