Leseni ya ustawi wa jamii Texas kwa aliyesoma Dar

Dada, umesema una shahada ya kwanza kutoka Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, sasa uko Texas, unataka leseni ya LBSW, ile ya ustawi wa jamii kwa mwenye shahada ya kwanza, na hujui uanzie wapi. Njia hiyo nimeipita, na leo nafanya kazi na familia za wakimbizi kutoka Kongo, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu.

Vitabu viweke kando kwanza, shughulikia vyeti. Shahada ya nje hupelekwa CSWE, baraza linalosimamia mafunzo ya kazi hii Marekani, lilinganishe masomo yako na ya kwao. Kufuatilia matokeo na maelezo ya kozi kutoka nyumbani kunakula muda, anza mapema. Wakati huohuo iombe bodi ya jimbo inayotoa leseni muda wa ziada kwenye mtihani wa leseni kwa sababu Kiingereza si lugha yako ya kwanza. ASWB, wenye mtihani, wanaruhusu bodi ikiridhia. Wengi wetu tunaona haya kuomba. Omba! Mimi nilifanya maswali 170 kwa saa 4, na 20 kati ya hayo hayahesabiwi wala huwezi kuyatambua. Muundo hubadilishwa, soma mwongozo wa mwaka wako.

Sasa mtihani wenyewe. Nadharia za Erikson (hatua za ukuaji) na Maslow (ngazi za mahitaji) utazikariri tu. Kinachotuangusha ni malezi yetu mema. Chukua swali la aina hii: mama amefiwa, halali usingizi, anakwambia heri angekufa yeye. Ufanye nini kwanza? Umtafutie msaada wa chakula, uwaite ndugu zake mkae kikao, umpe rufaa kwa daktari, au umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua? Aliyelelewa kwetu mkono unaenda kwenye kikao cha ndugu, na kumuuliza mtu habari ya kujiua anaona ni kumchuria. Jibu ni kumuuliza. Usalama kwanza, halafu tathmini, ndipo msaada, na uamuzi unabaki kwa mteja. Kwa kila swali la mazoezi andika kwa nini yale majibu matatu si sahihi. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo iliyonivusha.

Usichanganye mtihani wa taifa, huo wa ASWB, na sheria za Texas. Mteja akitishia kumuua mtu fulani, mtihani unafuata kesi ya Tarasoff ya California, 1976: una wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Mahakama Kuu ya Texas mwaka 1999, kwenye kesi ya Thapar, ilikataa kuweka wajibu wa kumwonya. Sheria za jimbo zina mtihani wake, na bodi inaudai.

Na ukifeli, usijione mjinga. ASWB walitoa takwimu zao 2022: mtihani wa ngazi ya kliniki, 2018 hadi 2021, Wazungu waliofaulu mara ya kwanza ni asilimia 84, Weusi 45. Pengo kama hilo haliwezi kuwa uzembe wa mtu mmoja mmoja, na linaniuma, kwa sababu wanaokosa leseni ndio wanaohitajika majumbani mwa watu wetu.

Nilimsindikiza hospitali mama mmoja kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo. Nesi akamgeukia binti yake, mtoto wa shule ya msingi, amtafsirie mama kwamba mimba imeharibika. Nikamzuia hapohapo. Kanuni za nchi hazimruhusu mtoto kutafsiri isipokuwa dharura, na hospitali inapaswa kutoa mkalimani. Wakapiga simu, akapatikana wa Kiswahili, binti nikamtoa nje. Hapo ndipo ujue kwa nini unasomea haki za mteja.

Jambo la mwisho ni mipaka. Wateja wako utakutana nao kanisani na msibani. Wenzetu hufundisha usimsalimie mteja hadharani mpaka akuanze yeye. Kwetu kumpita mtu kimya ni kumtukana. Mimi siku ya kwanza namwambia mteja: nikikuona nitakusalimia kama ninavyomsalimia mtu yeyote, ila ya ofisini sitayagusa, hata mbele ya mumeo. Bado hajatokea aliyekataa.

Barua ya CSWE ikifika niandikie, tupange ratiba ya kusoma.