Anayoimba Galadriel ni Quenya

Ukidhani Waelfi, wale viumbe wa hadithi ya The Lord of the Rings ya Mwingereza Tolkien, wana lugha moja tu, siyo moja ndugu yangu, ni mbili. Kila siku wanazungumza Sindarin, ila shairi lile la kuaga analoimba Galadriel, bibi mkubwa wa Waelfi, ni Quenya, lugha kongwe iliyobakia ya kisomo na sherehe. Ndiyo maana Frodo, shujaa wa hadithi hiyo, hakulifahamu. Ni kama sisi huku Unguja: Barzanji twaisoma kwa Kiarabu, ikesha tukinywa kahawa twarudi kwenye Kiswahili chetu.

Na Quenya haikuachwa hivi hivi. Thingol, mfalme wa Waelfi, aliipiga marufuku katika nchi yake alipojua kuwa wenye lugha hiyo waliwaua jamaa zake wa pwani kule kwenye bandari ya Alqualondë na kuwapora majahazi yao. Kwa sisi watu wa bahari kisa hicho kinauma kweli.

Habari za lugha zimo kwenye viambatisho vya juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings (1955), na Thingol yumo katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka 1977. Ukitaka kujifunza, zingatia kuwa Tolkien hakuacha msamiati wa kutosha kwa mazungumzo; maneno mengi ya leo yameundwa na wapenzi wake.