Ubao hauna injini: ukikutana na nyangumi, kasa na papa potwe baharini

Likizo za Juni zikikaribia, vijana wa Moshi na Arusha walionunua mbao za kujaza upepo, zile za kusimama juu yake majini ukipiga kafi, huniandikia swali lile lile: dada, huko baharini hakuna papa? Nawaelewa. Aliyekulia Majengo au Sakina hakuzoea maji yasiyo na ng'ambo. Lakini hofu hiyo imeelekezwa kusiko. Kwa muda wote niliopiga kafi na kuendesha ubao wa tanga kati ya Pangani na Mafia, papa hajanisumbua. Ninachokihofia ni ukimya wa chombo changu mwenyewe.

Mashua ya injini husikika chini ya maji tangu ingali mbali. Mnyama anaisikia, anajua inakotoka, anaamua mapema apite wapi. Ubao hauna injini. Unateleza juu ya kichwa cha mnyama mwenye uzito wa lori, naye hana habari. Nyangumi mwenye nundu, ambaye ndiye tunayemwona zaidi kwenye pwani yetu, hana uwezo wa pomboo wa kutoa mlio na kusikiliza mwangwi wake ili ajue kilicho mbele. Asipokusikia wala kukuona, anaweza kuibuka ulipo wewe. Hapo hana ubaya wowote, anapanda tu kuvuta hewa.

Somo hili sikulipata baharini. Nililipata Nyumba ya Mungu, lile bwawa letu la kusini mwa Moshi, kwa mzee mmoja mvuvi aliyenipakia kwenye mtumbwi wake. Kila tulipokaribia matete aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, pole pole, bila kuacha. Nikamuuliza, "Babu, unawafukuza viboko?" Akajibu, "Simfukuzi mtu kwake, mwanangu. Nabisha hodi." Kiboko anayejua uko wapi mara nyingi huhama akakupisha, anayeshtukizwa ndiye anayepindua mtumbwi. Maji yanayotoka bwawa lile huteremka na mto Pangani hadi Bahari ya Hindi, na tabia ya kubisha hodi nimeiteremsha nayo mpaka huko. (Simaanishi kwamba kiboko na nyangumi ni sawa. Kiboko analinda eneo lake na huua watu. Msijaribu kupeleka ubao Nyumba ya Mungu wala mto Pangani wenyewe, kuna mamba pia.)

Basi tuanze na majira, kwa sababu pepo ndizo zinazopanga utakutana na nani. Kusi, linalovuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Agosti, ndilo upepo wa watu wa tanga. Miezi hiyo hiyo, kuanzia Julai hivi hadi karibu Novemba, nyangumi wenye nundu huwa wamepanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa na kupandana kwenye maji yetu ya joto. Kwa hiyo upepo wako mzuri na mama mwenye mtoto mchanga vinafika pamoja. Kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, upepo wa kaskazi ukiingia na bahari ya magharibi ya Mafia ikitulia, papa potwe (whale shark) hukusanyika mbele ya Kilindoni. Hapo ndipo wenye ubao wa kafi hukutana naye. Kasa na pomboo wapo mwaka mzima.

Nyangumi nitamkalia zaidi, kwa kuwa ndiye mnyama ambaye watu wa bara huwa hawajamfikiria kabisa. Mkubwa hufika mita 13 hadi 16, na tani 30 kwake si ajabu. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita kama 4. Mama akiwa huku kwetu hali chakula, au anakula kidogo sana. Anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi huko kusini, na maziwa ya mtoto yanatoka kwenye akiba hiyo hiyo. Kila mara anapolazimika kukimbia chombo, anatumia kitu ambacho hawezi kukirudisha mpaka amalize safari ya maelfu ya kilomita. Nikifikiria hilo, hamu ya kumsogelea hunitoka.

Septemba moja, kusi likiwa limelegea, nilitoka Ushongo, kijiji cha pwani kusini mwa Pangani, asubuhi na binamu yangu wa Arusha, tukiwa na mbao za kafi, ngalawa ya mwenyeji ikitufuata nyuma. Nahodha alikuwa ameshatuambia kwamba nyangumi wamepuliza nje ya mwamba tangu alfajiri. Tukaiona ile pumzi, wingu la mvuke linalosimama juu ya maji kisha linapeperuka, kulia kwetu. Binamu akasema, "Dada, tusogee kidogo tu, nipige video." Nikamwambia apige magoti kwenye ubao na aache kupiga kafi. Ukipiga magoti huanguki kirahisi wimbi likija. Nikazamisha kafi nusu, nikaanza kugonga mpini wake kwa kifundo cha kidole chenye pete, kwa mwendo mmoja. Ubao wa kujaza upepo ukiugonga hausikiki vizuri, ila kafi lililozama hupeleka mlio majini. Tukageuza pua za mbao kuelekea pwani, tukaanza kurudi taratibu, ubavu wetu ukiwa upande wake, wala si mgongo, ili tuendelee kumwona.

Mama akaibuka tena mbele zaidi, na pembeni yake kidogo kidogo mgongo mdogo. Mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu kama mama yake, kwa hiyo ukiona pumzi ndogo za haraka haraka, jua kuna mtoto, na jua mama yuko karibu hata kama humwoni. Kosa kubwa kuliko yote ni kuingia kati yao. Angalia pia maji yenyewe: nyangumi akizama, mkia wake huacha duara laini lisilo na viwimbi. Ukilikuta duara hilo karibu na ubao wako, umeshasogea mno.

Umbali unaofundishwa katika nchi nyingi kwa nyangumi ni mita 100, na zaidi ya hapo akiwa na mtoto. Ukiwa umesimama kwenye ubao, macho yako yako chini, na maji hudanganya. Mimi hujikumbusha uwanja wa Ushirika hapa Moshi, goli hadi goli. Kama mnyama yuko karibu kuliko hapo, huo si umbali wa kukaa na kutazama, ni wa kuondoka. Akianza kupiga maji kwa mkia au kuruka na kujibwaga, ondoka kwa pembeni. Aliyeruka mara moja mara nyingi huruka tena. Usikae mbele ya njia yake hata kama uko mbali, kwani yeye ndiye atakayekufikia.

Kwenye ubao wa tanga mambo ni magumu zaidi, sababu ni kasi. Ukimya ukichanganyika na kasi, unakuwa hatari kwa wengine. Upepo mzuri wa kusi ukikushika, pezi lililo chini ya ubao linakuwa kisu, na anayeumia mara nyingi si nyangumi bali kasa. Kasa hula majani ya bahari kwenye maji ya kina kifupi ndani ya mwamba, pale pale tunapopenda kukimbia kwa kuwa maji hayana mawimbi. Anapanda juu kuvuta pumzi, kichwa chake ni kidogo kama ngumi, anakaa sekunde chache. Kasa wa kijani aliyekomaa hupita kilo 100. Ukimgonga kwa kasi, gamba lake hupasuka, nawe unarushwa mbele juu ya mlingoti. Kwa hiyo kabla ya kutoka, waulize wavuvi majani yako wapi, na ukipita juu ya eneo hilo legeza tanga upunguze mwendo, hasa maji yakiwa nusu, kati ya kujaa na kupwa. Kwenye maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, bahari yetu hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na sehemu iliyokuwa na kina cha kutosha ulipotoka inaweza kuwa goti saa chache baadaye.

Ukiona mnyama mkubwa mbele na uko kwenye tanga, jambo la kwanza ni kuachia ndoano ya mkanda wa kiunoni, ile inayokuunganisha na tanga. Watu wengi huikumbuka mwisho. Ukiwa bado umenasa na tanga likashtuka, litakutupa mahali usipochagua. Ukishajifungua, legeza tanga, geuka mapema na mbali. Usingoje kugeuka ukiwa karibu naye, maana kugeuka ndipo wengi wetu huanguka. Ukianguka, panda juu ya ubao kwanza, halafu ndiyo ufikirie tanga.

Papa potwe ni habari nyingine, na kwake hofu nayo hupungua. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, wa mita 12 na hata zaidi, lakini anakula vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja kwa kinywa kilicho wazi. Tangu 2016 amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tatizo lake ni kwamba anaogelea juu juu, polepole, na hana haraka ya kukupisha. Akipita chini ya ubao wako, toa kafi majini, kaa, mwache amalize. Usimshike hata kwa kidole. Ngozi yake ni kama msasa, na mkono wako hauna kazi pale. Ukishuka kuogelea naye, kaa mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani. Mkia ndio unaoumiza, na yeye haujui urefu wa mguu wako. Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, na wenyeji wanaopeleka watu kwa papa potwe wana utaratibu wao. Fuata utaratibu huo hata kama umekuja na ubao wako mwenyewe.

Pomboo watakuja wenyewe wakitaka. Usiwafukuze. Wale wembamba wanaojizungusha hewani huwinda usiku na kupumzika mchana, kwa hiyo kundi linalozunguka taratibu kwenye ghuba saa nne asubuhi limelala kwa namna yake. Mimi hupita mbali, na mara kadhaa wamenifuata nje ya ghuba kwa hiari yao. Furaha ya hapo siwezi kuieleza vya kutosha.

Na papa? Usiingie majini kwenye mlango wa mto, maji yakiwa ya tope, wala wakati wa magharibi au alfajiri. Kuna aina ya papa wanaopenda maji hayo na hupanda hata mitoni. Ukiona ndege wengi wanapiga mbizi mahali pamoja, kuna samaki wadogo chini na huenda wakubwa wamewafuata, zunguka. Kwenye kina kifupi cha mchanga, buruta miguu badala ya kukanyaga, ili nyenga, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na aondoke. Hata hapo ni hodi ile ile.

Kabla ya yote hayo, jifunze kuanguka. Ziwa Duluti pale Tengeru lina maji tulivu, na asubuhi unaweza kufanya mazoezi ya kupiga magoti, kukaa, kupanda ubaoni kutoka majini bila kusaidiwa, na kugeuza ubao palepale bila kelele za woga. Omba ruhusa, lipa kinachotakiwa, vaa jaketi okozi ingawa ufuko uko karibu. Mtu asiyeweza kurudi juu ya ubao Duluti asiende Maziwe. Maziwe yenyewe si mahali pa kupumzikia saa yoyote: ni kisiwa kilichopoteza miti yake yote kikabaki fungu la mchanga, na maji yakijaa fungu hilo huzama.

Kuhusu safari, ubao uliokunjwa unaingia kwenye buti ya basi la Tanga bila shida, ila elewana na konda kuhusu mzigo mapema, pale stendi, si Segera. Kamba ya mguuni, ile inayokufunga na ubao, iwe mpya. Filimbi uifunge kwenye jaketi, si kwenye begi. Na usitoke nje ya mwamba peke yako. Lipia ngalawa au mashua ya mwenyeji ikusindikize. Ukifika, salimia wazee wa pwani kabla hujafungua begi. Wao wameshakuwa majini tangu usiku na wanajua leo nani yuko wapi.

Kuna siku utakuta mnyama amenaswa kwenye jarife, wavu mkubwa wa wavuvi. Kama ni kasa mdogo aliyeshikwa na uzi mmoja na uko na mwenyeji, mnaweza kumsaidia, kichwa chake kikiwa juu ya maji. Kama ni pomboo, nguva au papa potwe, usishuke kwenye wavu huo. Wavu uliomshika yeye utakushika na wewe, na kamba ya mguuni itaushika zaidi. Kaa mbali, piga filimbi, piga picha ya mahali mlipo, ita chombo kilicho karibu, kisha peleka habari kwa BMU ya kijiji, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi, au kwa maafisa wa hifadhi ya bahari kama uko ndani ya eneo lao. Wenye mashua na visu vya kukatia nyavu wafanye kazi hiyo, wewe wape mahali na saa.