Kutoa Sumu Mwilini: Ini, Figo na Ghala la Mahindi

Kwa mtu anayeuza dawa, ombi la dawa ya kutoa sumu mwilini haliishi. Huja nalo vijana waliokesha kwenye sherehe, huja nalo mabinti wenye chunusi, na huja nalo wazee wenye maumivu ya viungo ambao wameambiwa kwamba damu yao imechafuka. Mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi hapa Dodoma, baada ya kuitikia shikamoo yangu aliweka juu ya kaunta chupa ya lita moja yenye maji ya rangi ya kahawia, aliyoinunua stendi, akaniuliza: "Mwanangu, kijana aliyeniuzia amesema ninywe kikombe asubuhi na jioni mpaka nianze kuharisha, ndipo nijue sumu inatoka. Ni kweli?" Nilimweleza kwamba kitakachotoka ni maji na chumvi za mwili wake mwenyewe, na kwamba kwa kuwa anatumia dawa za presha, ikiwemo ile inayomfanya akojoe mara kwa mara, kujiharisha kwa makusudi kunaweza kumletea kizunguzungu, kumwangusha bafuni na hata kumuumiza figo.

Sikatai kwamba sumu zipo. Zipo, na nyingine ziko jikoni kwetu. Ninachokikataa ni dhana kwamba sumu hukaa mwilini kama masizi kwenye sufuria, zikisubiri mtu aje na kinywaji cha kuzisugua. Mwili una viungo vyake vya kazi hiyo, na vinafanya kazi usiku na mchana bila kuombwa. Msaada mkubwa tunaoweza kuvipa ni kuvipunguzia mzigo unaoingia, kisha kuvilisha ili visiishiwe vifaa.

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5. Sumu nyingi, pamoja na dawa nyingi, huyeyuka katika mafuta, na figo haziwezi kuzitoa zikiwa katika hali hiyo. Ini huzibadilisha kwa vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali mwilini, kisha huziunganisha na kitu kingine ili ziyeyuke katika maji, na baada ya hapo hutoka kwa mkojo, au humwagwa katika nyongo na kutoka kwa choo. Figo nazo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, hurudisha karibu yote mwilini, na kutoa kiasi cha lita moja hadi mbili tu kuwa mkojo.

Mfano ninaoupenda, kwa kuwa ninaugusa kila siku, ni ule wa paracetamol, ambayo wateja wangu wote huiita panadol hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine kabisa. Mtu akimeza vidonge viwili, ini huondoa sehemu kubwa ya dawa hiyo kwa njia salama, lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa kitu chenye sumu kali kuliko dawa yenyewe. Kitu hicho hudakwa mara moja na kemikali inayoitwa glutathioni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na protini tunazokula. Mtu akimeza vidonge vingi kupita kiasi, glutathioni hukwisha, na sumu ile huanza kuliunguza ini lenyewe. Ndiyo sababu kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ndiyo sababu mtu aliyedhoofika kwa njaa, au mnywaji wa pombe wa kila siku, huwa hatarini kwa kiasi kidogo zaidi. Katika mfano huu mmoja yamo mambo mawili ambayo muuza chupa za stendi hayasemi: uwezo wa ini una mpaka, na uwezo huo hujengwa na chakula.

Sasa nije kwenye sumu inayonishughulisha kuliko zote, kwa sababu kwetu ni Kondoa na mahindi ndiyo maisha yetu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla, wakatapika, wakajaa matumbo na kugeuka macho kuwa ya manjano, na takriban 20 kati yao walifariki, wakiwemo watoto. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga. Wenzetu wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, walikuwa wamepitia balaa hilo mwaka 2004, ambapo wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa.

Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu inayotegemewa, na haifi kwa kupikwa. Ugali uliochemka sawasawa hubaki nayo. Ikifika kwenye ini hutokea jambo lilelile la panadol, tena kwa ubaya zaidi, kwa kuwa vimeng'enya vya ini vyenyewe huigeuza kuwa kitu kinachoshambulia vinasaba vya seli, na glutathioni ndiyo inayosimama katikati. Kwa kiwango kikubwa huua kwa siku chache, na kwa kiwango kidogo cha miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini, hatari ambayo hupanda mno kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B. Kwa hiyo, mtu akiniuliza ni dawa gani naikubali kuwa kinga ya ini, namjibu kwamba ni chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wa Tanzania wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2002, na ambayo mtu mzima aliyepimwa na kukutwa hana virusi anaweza kuiomba hospitalini.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko ghalani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Mkulima hana mashine ya kupima hayo, lakini kwa kukadiria unyevu kipo kipimo cha chumvi, ambacho mjomba wangu hukifanya kila mwaka kabla ya kufunga magunia. Huchukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, hujaza mahindi kiasi cha theluthi moja, huongeza vijiko vitatu vya chumvi aliyoianika juani mpaka ikakauka kabisa, hufunga kifuniko na kutikisa kwa dakika moja. Kisha huiweka chupa chini kivulini kwa robo saa, na watoto hukatazwa kuigusa. Chembe za chumvi zikibaki zimeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, na yanarudi kwenye turubai siku hiyohiyo hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi. Zikianguka zote chini na kuta zikabaki safi, yanafungwa.

Turubai nalo si jambo dogo, kwa maana mahindi yanayoanikwa juu ya udongo hupata unyevu na kuvu kwa pamoja. Baada ya hapo ni kuchambua. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizosinyaa ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo mkono wa mtu na ungo hupunguza mzigo wa ini kuliko kinywaji chochote ninachokijua. Kukoboa pia husaidia, kwa sababu sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mimi ni mpenzi wa dona, lakini dona naila pale tu ninapojua mahindi yalikotoka. Na zile punje mbovu zisipewe ng'ombe wa maziwa, kama wengi tunavyofanya kwa kuona uchungu kuzitupa, kwa kuwa ng'ombe huigeuza sehemu ya sumu hiyo na kuitoa katika maziwa, na mtoto akainywa asubuhi.

Baada ya chakula, mlango wa pili wa sumu ni ngozi. Wanawake wengi, na siku hizi wanaume pia, hutumia mkorogo bila kujua kilichomo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na kwenda kukaa kwenye figo. Hili si jambo jipya: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini, na wakagundua kwamba wengi wao walikuwa wakitumia krimu za namna hiyo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepiga marufuku vipodozi hivi, lakini marufuku ya karatasi haiondoi kopo sokoni. Ushauri wangu ni mfupi: krimu isiyo na orodha ya viambato, au iliyopimwa na kufungwa kwenye kikopo kisicho na jina, isiguse ngozi yako, na mama mwenye mtoto mchanga awe mwangalifu mara mbili, kwa sababu zebaki hubaki kwenye mikono, kwenye khanga na kwenye shuka analolalia mtoto.

Risasi, yaani ile metali nzito iliyomo kwenye betri za magari, ni mlango wa tatu, na hapo watoto ndio wanaolipa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari kiliwaachia wakazi risasi kwenye hewa, maji na udongo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake mdogo alikutwa na risasi kwenye damu, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Wengi wetu hatuishi karibu na kiwanda kama hicho, lakini tuna fundi wa betri kwenye uchochoro, tuna rangi za zamani zinazobanduka ukutani, na tuna udongo wa kula unaouzwa kwa vipande kwenye masoko yetu. Udongo huo umepimwa mara nyingi na kukutwa na risasi na aseniki, ambayo nayo ni sumu. Wajawazito wanaouhitaji kwa hamu kubwa mara nyingi wana upungufu wa madini ya chuma, na upungufu huohuo huufanya utumbo ufyonze risasi nyingi zaidi. Kumkejeli mjamzito hakumsaidii. Kipimo cha damu na vidonge vya madini chuma vya kliniki humsaidia.

Hapo ndipo maziwa yanapopata heshima yake, ingawa si ile wanayopewa mitaani. Mafundi wa rangi na wachomelea vyuma huniambia kwamba wakitoka kazini hunywa maziwa ili yakate sumu. Maziwa hayaondoi moshi uliokwisha kuingia mapafuni. Barakoa inayofaa na dirisha lililo wazi ndivyo vinavyozuia. Ila kalsiamu ya maziwa na ya dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ikiwa ni sehemu ya mlo wa kila siku, hupunguza ufyonzwaji wa risasi. Na tafadhali, mtoto akinywa mafuta ya taa asinyweshwe maziwa wala kutapishwa, kwa sababu hatari kubwa ni mafuta hayo kurudi na kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali hivyo alivyo.

Kuhusu chakula sina siri ya kuuza. Maharage, mayai, samaki, dagaa na karanga zilizochambuliwa huupa mwili protini inayotengeneza glutathioni. Mboga za majani, kunde na matunda huongeza nyuzinyuzi, ambazo husaidia baadhi ya sumu zilizomwagwa na nyongo zitoke kwa choo badala ya kufyonzwa upya. Maji yanywewe kwa kadiri ya kiu, joto na kazi. Kunywa ndoo nzima hakuzioshi figo zilizo na afya, na kwa mgonjwa wa moyo au wa figo kunaweza kuleta madhara.

Najua nitajibiwa kwamba dawa za mimea ni za asili, kwa hiyo hazina madhara. Sumukuvu nayo ni ya asili. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake takriban 100 waliokuwa wakipewa vidonge vya mimea vya kupunguza uzito waliharibika figo kwa sababu ya mmea mmoja uliochanganywa humo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Siwadharau waganga wanaoijua kazi yao. Ninachokikataa ni chupa isiyo na jina la mmea, kipimo wala tarehe, hasa kwa mjamzito, mtoto, na mtu anayetumia dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu ini lilelile linalozishughulikia dawa hizo ndilo litakaloshughulikia na hiyo chupa.

Mtu mwenye macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, uvimbe wa miguu na uso, au mtoto mwenye degedege na kuchelewa kukua bila sababu inayojulikana, aende hospitali akiwa na kopo la krimu, pakiti ya vidonge au sampuli ya unga aliokuwa akila, maana vitu hivyo humwonyesha daktari aanzie wapi. Dawa halisi za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini hutolewa chini ya uangalizi kwa mtu aliyepimwa, kwa kuwa huweza kutoa pia madini ambayo mwili unayahitaji. Na hata mtoto akishapewa dawa hizo na kiwango chake kushuka, risasi iliyojificha kwenye mifupa hurudi kidogo kidogo kwenye damu, kwa hiyo wauguzi huwauliza wazazi, kabla hawajamruhusu aondoke wodini, atarudi kucheza kwenye udongo gani.